Jinsi ya kuona kiluwiluwi akikimbizana na maji yanayokauka

Mvua ya Machi hadi Mei ikishika, pita Kajulu ama kwenye mitaro ya mpunga Ahero, huku kwetu Kisumu, utaona mayai ya chura, zile nyuzi ndefu za shanga nyeusi ndani ya ute. Baadaye madimbwi mengi yanakauka, na viluwiluwi, yaani watoto wa chura, wenye hawajaota miguu wanakufia hapo. Lakini kuna wenye huharakisha wakatoka mapema, na ukiwa na mabeseni mawili unaweza kujaribu kuliona hili jambo nyumbani.

Chukua viluwiluwi wa uzi mmoja wa mayai ndio wawe ndugu wa umri mmoja, kumi kila beseni wanatosha, usibebe dimbwi lote tafadhali. Maji ya dimbwi lenyewe ndio mazuri, ka ni ya mfereji yaache wazi siku nzima klorini itoke. Chakula ni terere ama sukuma wiki iliyochemshwa ikalainika, kidogo tu na sawasawa kote, yenye imebaki toa manake ikioza inawaua. Alafu funika na kipande cha chandarua, Kisumu hii hatutaki kufuga mbu.

Beseni ya kwanza kiwango cha maji kisibadilike. Ya pili punguza kidogo kila baada ya siku mbili, lakini waendelee kufunikwa na maji vizuri. Sasa hapa ndio pa kuchunga sana: maji machache yakipigwa na jua yanapata moto haraka, na joto peke yake huwakuza mbio, hivo utasifu kupungua kwa maji kumbe ni jua limefanya kazi. Weka zote kivuli kimoja na upime joto saa nane mchana, zikitofautiana sogeza.

Kuna chura wa California, Spea hammondii, amechunguzwa sana kwa hili. Maji yakipungua nafasi ya kuogelea na kula inakuwa ndogo, homoni za stresi zinapanda na kusaidiana na homoni ya thiroidi, ile yenye inaamrisha mkia uishe na miguu iote. Hiyo thiroidi ilijulikana kitambo, 1912 mwanasayansi Gudernatsch alilisha viluwiluwi tezi yenye inatoa homoni hiyo wakageuka vyura wadogo kabisa kabla ya wakati. Na hiyo ndio bei yenyewe, mwenye kuharakisha anatoka mdogo, na mdogo ana akiba kidogo mwilini. Si kila aina hukimbia hivo, ndio maana nakuambia pima usikisie.

Kwa hivyo andika tarehe kila mmoja akitoa miguu ya mbele, na siku mkia ukiisha mpige picha juu ya rula, kutoka pua hadi mwisho wa mgongo. Miguu ya mbele ikitoka anaacha kula na anaanza kupumua kwa mapafu, basi weka jiwe ama ubao ulioinama apande, bila hiyo atazama afe na ni uchungu sana kumpoteza akiwa amefika hapo.

Ukimaliza warudishe dimbwi lilelile, usiwapeleke lingine hata ka liko karibu, kuna ukungu wa ngozi unaua vyura na husafiri na maji. Beseni isugue, uianike juani ikauke kabisa, na hayo maji machafu mwaga shambani mbali na mto.