SOMO: Pakingi unayolipia haitumiki? Soma hapa kabla hujagusa kodi

Wakuu, swali hili linarudi kila mara na majibu ni yale yale, kwa hiyo nayaweka yote mahali pamoja. Ni kwa mpangaji wa apatimenti anayelipia nafasi ya gari, kisha nafasi ikazibwa na ujenzi, ikajaa maji, geti likagoma au gari la mtu mwingine likahamia hapo.

1. Soma mkataba. Pakingi imo ndani ya mkataba wa nyumba, ina mkataba wake, au umeruhusiwa tu kuegesha nafasi ikipatikana? Ikiwa imo ndani, ubovu wake ni ubovu wa pango lenyewe. Ikiwa na mkataba wake, mara nyingi unaweza kuuvunja huo peke yake bila kuhama. Ruhusa tupu ndiyo dhaifu kuliko zote.

2. Piga picha leo, na tena kila hali inapobadilika. Nambari ya nafasi ionekane pamoja na kizuizi.

3. Toa taarifa kwa maandishi: nambari ya nafasi, tarehe tatizo lilipoanza, unachotaka kifanyike na siku ya mwisho ya kujibiwa. Simu haitoshi.

4. Usijikatie kodi. Hapa ndipo wenye haki wanageuka wadaiwa. Ukilipa pungufu, mwenye nyumba haongelei tena pakingi, anaongelea malimbikizo, na malimbikizo ni njia ya haraka ya kukutoa. Zipo nchi ambazo sheria yenyewe hushusha kodi: Ujerumani kwa kifungu cha 536 cha Sheria ya Kiraia, Japani kwa kifungu cha 611 kilichorekebishwa na kuanza kutumika Aprili 2020. Kenya, kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinasimamisha sehemu ya kodi pale moto, mafuriko au ajali isiyotokana na uzembe wa mpangaji inapoharibu alichopanga. Lakini hata huko ugomvi huwa ni kiwango: ukikata zaidi ya unachostahili, kilichozidi ni deni lako. Kwa hiyo lipa yote kwa tarehe yake, na kabla ya kulipa tuma maneno kama haya: “Nalipa kodi kamili ya mwezi huu kwa pingamizi, bila kuachia haki yangu ya kudai punguzo la nafasi nambari 14, isiyotumika tangu tarehe 3.” Ukilipa kimya miezi mingi, utaambiwa uliridhika.

Tahadhari: usiache kulipa kodi ukisema ikatwe kwenye dipoziti. Usitie saini mkataba mpya wakati dai halijaandikwa popote. “Tutamalizana” ya mdomo haina thamani.

5. Piga hesabu. Kama pakingi ni 6,000 kwa mwezi wa siku 30 na hukuitumia siku 12, dai ni 2,400. Kama bei yake imefichwa ndani ya kodi, tumia bei ambayo jengo hilo linawatoza wanaolipia pakingi peke yake. Geti bovu ambalo bado gari linapita halikupi punguzo la bei yote.

6. Siku uliyompa ikipita bila jibu, peleka barua, picha na risiti kwenye baraza au mahakama inayosikiliza kesi za wapangaji.

MASWALI

Swali: Nimeacha kulipa miezi miwili sasa. Nifanyeje?
Jibu: Lipa malimbikizo yote. Kisha soma hatua ya 4, safari hii mpaka mwisho.

Swali: Amenipa nafasi nyingine jengo la pili. Nalazimika kuikubali?
Jibu: Swali zuri. Angalia kama mkataba unataja nambari ya nafasi na kama unampa haki ya kukuhamisha. Linganisha umbali, paa, ulinzi na upana. Ukiikubali, andika kwamba ni ya muda na inaisha lini. Ukikataa nafasi yenye hadhi ile ile, dai lako linapungua, kwa sababu unatarajiwa kupunguza hasara pale inapowezekana.

Swali: Nikilipia pakingi ya nje, narudishiwa?
Jibu: Hiyo ni fidia, siyo punguzo, na kwa kawaida lazima kosa liwe la mwenye nyumba. Tunza risiti, chagua ya karibu yenye bei ya wastani. Huwezi kulipwa mara mbili: ukipata punguzo la 6,000 na nje ulilipa 8,000, kinachobaki kudai ni 2,000.

Swali: Jirani anapaki kwangu. Nilivute gari lake?
Jibu: Hapana. Likikwaruzika ni juu yako. Piga picha ya namba za gari na saa, umpelekee mwenye nyumba.

Swali: Gari langu jipya halipiti, dari ni fupi.
Jibu: Kilichobadilika ni gari. Huna dai.

Swali: Na kama dari limeshushwa na mabomba mapya?
Jibu: Hapo unalo. Pima kutoka sakafuni hadi bomba la chini kabisa, siyo hadi dari, na picha ioneshe futi ikiwa wima.

Swali: Kwetu dari la zege linadondosha maji meupe juu ya boneti. Yanatoka?
Jibu: Hayo ni maji ya chokaa, yanakula rangi. Usisugue yakikauka. Lowesha kwa siki iliyochanganywa na maji, subiri dakika chache, suuza kwa maji mengi, rudia. Lakini piga picha kwanza: doa hilo ni ushahidi wa dari linalovuja.