Marafiki wa bweni msikutane misibani tu

Kama bado mnatafutana na wale mliosoma nao sekondari, chagueni tarehe moja isiyohamahama. "Tutaonana tu" huishia msibani. Kwa walioko Tanzania, Nane Nane inafaa sana: ni sikukuu, tena haina pilikapilika za Desemba wala ule msongamano wa stendi. Wengine wako Dar, wengine Dodoma? Kutaneni Morogoro, treni ya SGR inafika huko tangu 2024, na mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Mchango uwe mdogo. Kiwango kikubwa kinamfukuza yule ambaye mambo hayajamnyookea, na mara nyingi ndiye aliyekuwa akichekesha bweni zima. Pilau na soda, basi.

Kila mmoja aje na picha zake za zamani. Mnapozipiga kwa simu msiwashe flashi, zitang'aa. Zilazeni mezani karibu na dirisha, simu iwe juu yake sawasawa. Kisha nyuma ya kila picha andikeni majina kuanzia kushoto, pamoja na yale ya utani (kuna watu majina yao halisi hamyajui hadi leo!). Tumieni penseli laini bila kukandamiza, maana kalamu ya wino huacha alama hadi upande wa sura.

Aliyeko mbali, tuseme Muscat, mpigieni kwa video kabla ya kula. Baada ya hapo watu wameshaanza kuulizia usafiri.