Mbwa wako anakula samaki kila siku? Mpunguzie madini tembo hivi

Huku Mwanza chakula cha mbwa tunakijua, ugali wa dona au pumba, juu yake dagaa au mapanki (vichwa na mifupa ya sangara), kesho hivyo hivyo, mwaka mzima hivyo hivyo. Shida ipo hapo kwenye kila siku. Madini tembo, yaani metali nzito zenye sumu kama zebaki, risasi na kadimiamu, zikishaingia mwilini hazitoki kirahisi, zinajazana kidogo kidogo, sisi leo tunakula samaki kesho maharage ila mbwa anakula ulichomwekea tu. Kule Minamata, Japani, miaka ya 1950 kiwanda kilikuwa kinamwaga zebaki baharini, na paka waliokuwa wanakula samaki wa pale walianza kuchanganyikiwa na kufa kabla watu hawajajua nini kinawaumiza wao wenyewe.

Kwahiyo anza na samaki wakubwa, wapunguze. Sangara anakula samaki wenzake, zebaki nyingi ya hao aliowameza inabaki kwake, na usidhani ukichemsha sana au ukimwaga mchuzi ndo imetoka, haitoki, imeshika kwenye nyama yenyewe. Sangara wengi waliopimwa ziwani wako chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kinachotumika nchi nyingi, so sio kwamba uache kabisa, ila samaki anavyozidi kuwa mkubwa na zebaki inapanda. Dagaa na sato ni afadhali sana. Samaki wa kwenye vijito vinavyotoka kwa wachimbaji wadogo wanaokamatia dhahabu kwa zebaki, upande wa Geita mfano, hao usimpe hata ukipewa bure.

Dagaa nao ukienda mwaloni Kirumba, pale soko la samaki, ulizia waliokaushwa kwenye vichanja. Wale wa kuanikwa chini wanakuja na udongo, na kama palikuwa karibu na barabara au gereji udongo huo unaweza kuwa na risasi. Ukiwakosa wa vichanja loweka hao hao, suuza mara kadhaa mpaka maji yawe safi ndo upike.

Figo na maini mara moja kwa wiki inatosha maana kadimiamu inajikusanya huko, siku zingine mpe firigisi, mayai, utumbo uliooshwa vizuri. Chakula cha pakiti pia badilisha badilisha, sio cha samaki tu.

Halafu vyombo jamani, hapa wengi hatuangalii. Ndoo iliyokuwa na rangi sio bakuli la mbwa, na zile sufuria nzito zinazoyeyushwa mtaani kwa vyuma chakavu nyingine zina risasi, tumia ya stainless. Na kama mbwa analinda gereji, betri za zamani ziwe mbali naye, anaweza kulamba pale chini.

Watoto wa mbwa ndo wa kuwaangalia zaidi, miili yao inafyonza risasi nyingi kuliko wakubwa. Ukiona anatapika, tumbo linamuuma, hataki kula, anatetemeka, anayumba au anapata degedege, usikae unamnywesha maziwa ukisema yanaondoa sumu, hayaondoi risasi na unapoteza muda. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, beba na chakula anachokula kwenye mfuko, mwambie daktari samaki umenunua wapi na umempa kwa muda gani, na muulize damu inaweza kupimwa wapi, risasi ikionekana mapema dawa za kuitoa zipo.