Gari inazima ukikunja steringi? Pima sensa ya presha kabla hujainunua

Wateja wengi wanaoniletea tatizo hili hapa Dodoma wanalieleza kwa namna moja: "Fundi, njiani gari iko poa kabisa, ila nikifika sokoni Majengo nikikunja steringi niipaki, inakohoa na kuzima." Baadhi wameshaambiwa huko walikotoka kuwa ni sensa. Wengine wameshainunua na kuifunga, na gari bado inazima.

Pampu ya steringi inazungushwa na mkanda wa injini. Ukikunja usukani gari ikiwa imesimama, presha ya mafuta inapanda na pampu inakuwa nzito. Sensa ya presha ya steringi inaitonya kompyuta ya gari, nayo inaongeza sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) kidogo ili injini isilemewe. Taarifa isipofika, injini inalemewa. Ikifika muda wote, hata matairi yakiwa yamenyooka, sailensa inabaki juu na petroli inaliwa bure.

Hatua ya 1: Hakikisha gari yako ina steringi ya mafuta

Fungua boneti utafute kikopo cha mafuta ya steringi. Kama hakipo, steringi yako huenda ni ya umeme. Mwenye Passo afunge tu boneti, haya hayamhusu.

Hatua ya 2: Isikilize

Acha injini ipate moto, zima AC na taa. Gari nyingi za petroli sailensa yake inacheza kati ya mizunguko 650 na 800 kwa dakika. Kunja usukani taratibu hadi mwisho, macho kwenye mshale wa RPM. Ukishuka kidogo ukarudi, hiyo ni kawaida. Ukizama na gari ikatetemeka, endelea na hatua zinazofuata. Usiushikilie usukani kule mwisho zaidi ya sekunde 5, unaikaanga pampu.

Sasa nyoosha usukani, washa AC. Kama na hapo injini inazama vilevile, acha sensa kwanza, kasafishe throtobodi (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini). Kwa vumbi letu hili, hasa gari za kwenda na kurudi vijijini, nimekuta nyingi zimejaa masizi meusi mpaka kile kibati cha ndani kinanata. Ukisafisha, tatizo la "sensa" linaisha hapohapo.

Hatua ya 3: Mafuta na mkanda

Mafuta yakipungua au yakiwa na povu, presha haikai sawa na sensa inasema ukweli ambao wewe unauita ubovu. Jaza aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Mkanda ukipiga kelele unapokunja, kaza au badilisha.

Hatua ya 4: Mashine

Chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Kodi za hitilafu zinazohusika ni P0550 hadi P0554. P0550 maana yake ni hitilafu kwenye mzunguko wa umeme wa sensa. Mzunguko ni sensa, soketi na waya mpaka kwenye kompyuta. Haijasema "nunua sensa", na hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapopotelea. P0552 ni umeme mdogo kuliko inavyotakiwa, P0553 ni mkubwa kupita kiasi, P0554 ni wa kukatika na kurudi. Hiyo ya mwisho mara nyingi ni waya au soketi.

Hatua ya 5: Soketi

Chomoa uitazame kwa tochi. Pini ya kijani, pini iliyolala, au mafuta yaliyopanda kutoka ndani ya sensa. Mafuta yakiwa ndani ya soketi, sensa imepasuka moyo, hapo badilisha. Safisha kwa dawa ya kusafishia umeme, petroli inaharibu plastiki.

Hatua ya 6: Mita

Hesabu waya kwanza.

Waya mmoja ni swichi tu, ipo kwenye Toyota nyingi. Chomoa waya, weka mita ya umeme kwenye mlio, ncha moja kwenye pini ya swichi, nyingine kwenye bodi ya pampu, injini ikiwa inanguruma. Usukani ukiwa umenyooka, mita inyamaze. Ukikunja, ilie. Isipolia, gusisha ule waya uliochomoa kwenye bodi: sailensa ikipanda, waya na kompyuta ni wazima, swichi ndiyo imekufa. Mchezo huu usiufanye kwenye sensa ya waya tatu.

Waya tatu utazikuta kwenye Nissan X-Trail ya zamani, kwa mfano. Mmoja unaleta volti 5, mmoja ni athi (negative), mmoja unarudisha taarifa. Soketi ikiwa imechomekwa, penyeza pini nyembamba kwa nyuma, usitoboe ganda la waya. Waya wa taarifa usome kama volti 0.4 hadi 0.8 usukani ukitulia, na namba ipande unapokunja. Volti 5 zipo, athi ipo, taarifa haisogei: sensa. Volti 5 hazipo: usiilaumu sensa bado, fuata waya kwanza.

X-Trail moja ilikuja na P0550, sensa mbili mpya zimeshafungwa. Nilipotikisa waya huku natazama mita, namba ikaruka. Waya ulikuwa unasuguana na kibati cha kushikilia betri, shaba inaonekana. Kipande cha waya, solda, mpira wa kuzuia joto. Mwenye gari aliniuliza zile sensa mbili azipeleke wapi.

Hatua ya 7: Ukibadilisha

Zima injini, weka kitambaa chini, funga sensa mpya pamoja na oringi (mpira wa kuziba mafuta) mpya. Swichi ya waya mmoja usiizungushie tepu nyeupe ya mabomba, inapata athi kupitia nyuzi zake. Inua matairi ya mbele kwa jeki na uweke stendi, kisha injini ikiwa imezimwa kunja usukani kulia na kushoto hadi mwisho mara kadhaa ili hewa itoke, huku unajazia mafuta. Washa, futa kodi, halafu rudia hatua ya 2, safari hii AC na taa kubwa zikiwa zinawaka.