Aya zako hazishikani? Soma sentensi za kwanza tu

Insha au ripoti ikikosa mshikamano, kosa mara nyingi haliko kwenye sarufi. Kila sentensi ni sahihi, ila hakuna kinachoifunga na jirani yake. Nakili sentensi ya kwanza ya kila aya kwenye karatasi nyingine, kisha zisome mfululizo. Zikisomeka kama muhtasari wa hoja moja, muundo uko sawa. Ukiweza kubadilisha nafasi za aya ya 2 na ya 4 bila msomaji kushtuka, bado una orodha ya mambo, hujapata hoja.

Hapo usikimbilie kubandika "hivyo basi". Neno hilo linadai kwamba lililotangulia ni sababu. Kama si sababu, unazidisha mkanganyiko. "Aidha" huongeza jambo la upande uleule, "hata hivyo" hugeuza mwelekeo. Amua uhusiano kwanza, kiunganishi kitafuata chenyewe, na pengine hutakihitaji.

Kiswahili kina mtego wake pia, na huu ndio unaowanasa wengi: kiambishi a-. "Asha alimwambia Rehema kwamba amefukuzwa kazi." Nani kafukuzwa? Rudia jina bila aibu: "kwamba Rehema amefukuzwa". Vivyo hivyo kwa "hii inaonyesha". Hii ipi? Weka nomino: "bei hii inaonyesha", "kuchelewa huku kunaonyesha". Ukishindwa kuipata nomino hiyo, rudi sentensi moja nyuma. Huko ndiko uzi ulikokatikia.