Gitaa la bluzi na roki: anza na mkono wa kulia, soloo itakusubiri

Karibu kila anayeshika gitaa akitaka kupiga roki anaanza na kosa lilelile, anakimbilia soloo, ile sehemu gitaa linapoimba lenyewe. Hata mimi nilifanya hivyo, mwaka mzima napanda na kushuka skeli (noti zilizopangwa kama ngazi), afu siku moja washkaji wakaniambia haya tupigie ridhimu (mdundo wa kusindikiza wimbo) tuimbe, nikabaki nimekodoa macho tu. Kwa hiyo hapa tunaanza na ridhimu, na tunaanza na bluzi, kwa sababu roki ni mtoto wa bluzi, na ukimjua mzazi mtoto hakusumbui.

Tyuni kwanza, yaani kila uzi ukae kwenye sauti yake. Kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba ni E A D G B E, programu ya bure ya simu inatosha. Uzi mwembamba ndio wa 1, mnene ndio wa 6, nitakuwa nazitaja hivyo mpaka mwisho.

Sasa baa 12. Sio baa za kunywea, baa hapa ni hesabu ya moja mpaka nne. Kwenye ufunguo wa A (wimbo unaoegemea A) unapiga kodi ya A, yaani noti kadhaa kwa pamoja, baa 4, kisha kodi ya D baa 2, unarudi A baa 2, E baa 1, D baa 1, unamalizia A baa 2, na ile baa ya mwisho kabisa wengi wanachomekea E ili iwarudishe mwanzo. Basi, mzunguko umeisha. Nyimbo nyingi sana za bluzi na za roki ya zamani zimejengwa juu ya mzunguko huo mmoja, kwa hiyo uimbe kichwani mpaka usihitaji kuhesabu, ujue tu kwamba sasa D inakuja kama unavyojua kiitikio kinakuja.

Kodi zenyewe wala usizipige nzima. Piga uzi wa 5 ukiwa wazi pamoja na uzi wa 4 umebonyezwa freti ya 2 (freti ni vile vyumba vya shingoni, hesabu kuanzia upande wa kichwa cha gitaa), mara mbili, afu kidole kingine kibonyeze freti ya 4 kwenye huohuo uzi wa 4, mara mbili, unarudi 2, unaenda 4. Hiyo ndo A. Ukitaka D hamisha mchezo wote uzi mmoja chini kwenda kwenye nyembamba (uzi wa 4 wazi, wa 3 unabonyezwa), ukitaka E hamisha kwenda kwenye nene (wa 6 wazi, wa 5 unabonyezwa). Umbo lilelile, unabadilisha nyuzi tu.

Ila kinachofanya iwe bluzi ni mwendo. Kila pigo ligawe vipande vitatu, piga cha kwanza na cha tatu, cha katikati kimeze. Inatoka tii-ti, tii-ti, tii-ti, kama mtu anayechechemea kwa raha. Ukishaupata mwendo huo chukua vidole vilevile upige mapigo yote sawasawa bila kuchechemea, ongeza spidi kidogo, utashangaa mwenyewe imegeuka roki ya zamani ya kina Chuck Berry na hujajifunza kitu kipya hata kimoja. Ubavu wa kiganja cha kulia uulaze kidogo juu ya nyuzi kule zinakofungwa kwenye mwili wa gitaa ili sauti ikatike vizuri, isivume hovyo. Metronomu (kifaa au programu inayogonga mapigo) weka 60 kwa dakika, na usipandishe mpaka umalize mizunguko mitatu bila kukosea, afu panda 5 tu. Najua inaboa.

Vidole vitauma wiki za mwanzo, hilo halikwepeki. Gitaa la umeme lenye nyuzi nyembamba za namba 9 linahurumia kuliko gitaa kavu. Tony Iommi wa Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa kijana wa miaka 17, tena za mkono anaobonyezea nyuzi, akajitengenezea vikofia vya plastiki akaendelea kupiga, kwa hiyo mimi nikisikia mtu anaacha kisa malengelenge huwa nanyamaza tu.

Haya, soloo. Noti tano zinatosha: A, C, D, E, G. Weka mkono freti ya 5, uzi wa 6 ni freti 5 na 8, wa 5 na wa 4 na wa 3 zote ni 5 na 7, wa 2 na wa 1 ni 5 na 8. Skeli hii utaijua ndani ya siku mbili, na hapo ndipo watu wanapokwama miaka, kwa sababu wanaipiga kama ngazi. Kazi yenyewe ni kuvuta uzi. Kidole cha pete uzi wa 3 freti ya 7, vidole viwili vya nyuma yake vikisaidia kusukuma, dole gumba limepanda juu ya shingo ya gitaa, nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono kama unafungua kitasa, sio kwenye kidole. Unavuta mpaka sauti ifanane kabisa na uzi wa 2 freti ya 5. Piga ule wa 2 kwanza usikie, afu vuta, afu linganisha. Ukiishia njiani inasikika kama gitaa halijatyuniwa, na distosheni (ile sauti ya gitaa la umeme inayokwaruza) haitakuficha, itakuanika zaidi, ndo maana mazoezi fanya na sauti safi.

Halafu nyamaza. B.B. King, gwiji wa bluzi, akiimba gitaa lilikuwa kimya, akimaliza mstari ndo gitaa linajibu, hakuwa anavifanya vyote kwa pamoja. Jirekodi ridhimu yako kwenye simu, piga soloo juu yake baa mbili, acha baa mbili zipite tupu, na kabla ya kupiga ujaribu kuimba unachotaka kupiga hata kama sauti yako mbaya.

Ukishazoea kuna kitu kidogo kitamu sana. Ridhimu ikiwa kwenye A, gonga uzi wa 3 freti ya 5 na papo hapo dondosha kidole cha pili freti ya 6 bila kupiga tena kwa mkono wa kulia, utasikia inatabasamu. Ridhimu ikihamia D usiende 6, baki pale 5, ivute kidogo sana, robo toni tu, uiache ilie.