Kupima matokeo ya ujifunzaji katika masomo ya uchumi na biashara

Kabla ya kutunga mtihani, andika kila tokeo tarajiwa, yaani kile mwanafunzi anachopaswa kuweza kufanya, kwa kitenzi cha tendo linaloonekana, kama vile kukokotoa au kushauri, kwa kuwa neno “kuelewa” halimwongozi msahihishaji. Kisha toa kazi inayotokana na mazingira: hapa Mtwara, ambako korosho huuzwa mnadani kupitia stakabadhi ghalani (mkulima huweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi hadi yauzwe), mwanafunzi akokotoe kiasi kinachomfikia mkulima kwa kila kilo baada ya makato, halafu aeleze kwa nini bei hubadilika kati ya mnada mmoja na mwingine. Aliyepata hesabu sahihi lakini akashindwa kuieleza hajafikia tokeo la pili, hata akiwa na jumla ya alama 70. Ndiyo maana mimi hurekodi kila tokeo peke yake. Kama wasahihishaji ni wawili, ili wasahihishe kwa kipimo kimoja, waanze kwa kulinganisha alama walizotoa kwenye karatasi 5 zilezile.